Pakua Mjini, Fundisha Darasani: Zana Zisizolipiwa kwa Mwalimu Mwenye Kompyuta Moja

Ninafundisha fizikia na hisabati katika shule ya sekondari ya kata iliyoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa daladala kutoka stendi ya Moshi. Mtandao wa simu hufika pale shuleni kwa kusuasua, na mvua za masika zinapoanza umeme hukatika wakati wowote, pengine kwa siku nzima. Ninayaeleza haya mwanzoni kwa sababu miongozo mingi ya teknolojia kwa walimu huandikwa kana kwamba kila mwanafunzi ana kompyuta yake na intaneti isiyokatika, na mwalimu wa Kibosho, Uru, Tengeru au Monduli akiisoma huishia kuamini kwamba mambo hayo hayamhusu. Yanamhusu sana. Zipo zana nzuri zisizodai hata shilingi moja, na nyingi kati ya hizo hufanya kazi bila intaneti zikishapakuliwa mara moja. Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa kupakua mjini siku ya Jumamosi, kisha kufundisha wiki nzima bila kutegemea mtandao.

Niliufikia utaratibu huu baada ya kukwama. Miaka kadhaa iliyopita niliazima projekta, nikabeba kompyuta yangu hadi darasa la Kidato cha Pili, nikawaambia wanafunzi 64 kwamba siku hiyo wangeona jinsi mkondo wa umeme unavyopita ndani ya waya. Nilitegemea bando la simu yangu. Alama ya kusubiri ilizunguka ukutani kwa karibu robo saa, video ikacheza sekunde chache na kusimama, kengele ikalia. Siku iliyofuata mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, huo mkondo tutauona lini. Tangu hapo sijawahi kuingia darasani na kitu ambacho bado kiko mtandaoni.

Mada kwanza, programu baadaye

Kabla ya kutafuta programu yoyote, chukua azimio la kazi la muhula na uweke alama kwenye mada mbili au tatu ambazo wanafunzi wako hushindwa kila mwaka hata baada ya kurudiwa. Kisha jiulize kinachozifanya ziwe ngumu. Kama ugumu unatokana na kitu kisichoonekana kwa macho, kama vile mkondo wa umeme au chembe za gesi, au kitu kinachobadilika, kama vile mchoro wa mlinganyo pale thamani ya mteremko inapoongezeka, au kitu kilicho mbali, basi skrini itakusaidia kweli. Kama ugumu unatokana na ukosefu wa mazoezi, skrini haitaongeza kitu ambacho daftari na kalamu haviwezi kutoa. Nimeona walimu wenzangu wakitumia saa tatu za usiku kuandaa slaidi zenye maelezo yaleyale ambayo wangeyaandika ubaoni kwa dakika kumi, na nadhani nguvu hizo zingefaa zaidi kwenye mada moja ngumu.

Kuhusu vifaa, kompyuta mpakato moja na simu ya mwalimu vinatosha kuanzia. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile, hivyo shule nyingi zina kishikwambi kimoja au zaidi ambacho huenda kinatumika kwa mawasiliano tu. Ongeza flashi yenye nafasi ya kutosha, waya wa kurefusha umeme, na spika ndogo. Ukiazima projekta, kumbuka kwamba simu nyingi za bei nafuu haziwezi kutoa picha kupitia waya wa HDMI hata ukinunua kiunganishi, kwa hiyo panga kutumia kompyuta na uufanyie majaribio waya wenyewe siku moja kabla.

Majaribio ya skrini kwa sayansi na hisabati

Zana ninayoithamini kuliko zote ni PhET. Huu ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ndani yake kuna majaribio ya fizikia, kemia, biolojia na hisabati yaliyoigizwa kwenye skrini, ambapo mwanafunzi anaweza kushika kitu, kukisogeza, kubadilisha thamani na kuona matokeo papo hapo. Yote hayalipiwi, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Ili kupakua, fungua phet.colorado.edu kwenye kivinjari cha kompyuta ukiwa mahali penye intaneti nzuri. Tafuta jaribio linalohusu mada yako, ufungue ukurasa wake, kisha utafute sehemu ya tafsiri na uchague Kiswahili kama kimo. Bonyeza alama ya kupakua. Utapata faili moja tu ambayo jina lake linaishia na herufi html. Iweke kwenye folda yenye jina la mada, na usiiachie kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa ambako itapotea kati ya barua na picha. Hatua inayofuata ndiyo ambayo walimu wengi huiruka: zima kabisa intaneti ya kompyuta, funga kivinjari, kisha ubonyeze faili hiyo mara mbili. Ikifunguka na kufanya kazi hapo, itafanya kazi darasani. Isipofunguka, bado uko mjini na unaweza kuipakua upya.

Nakushauri upakue jaribio lilelile mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Watoto wetu wengi humaliza shule ya msingi wakiwa wamejifunza kila kitu kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza wanakutana na masomo yote kwa Kiingereza, na mara nyingi tunadhani mtoto hajui fizikia kumbe hajui neno. Mimi huanza na nakala ya Kiswahili ili wazo lenyewe liingie, halafu ninafungua nakala ya Kiingereza ili wanafunzi wayaone maneno ya mtihani yakiwa yamekaa juu ya kitu ambacho tayari wanakifahamu. Hakuna kitabu ambacho kingenipa nafasi hiyo kwa urahisi kama huo.

Nitatoa mfano wa kipindi kizima, kwa sababu programu nzuri ikitumiwa kama sinema huacha darasa lilipokuwa. Katika mada ya umeme ninatumia jaribio la kuunganisha saketi, ambalo lina betri, balbu, waya, swichi na vipimo vya mkondo na volti. Kwanza ninachora ubaoni saketi yenye betri moja na balbu moja, halafu ninamtaka kila mwanafunzi aandike kwenye daftari kitakachoupata mwanga wa balbu hiyo tukiongeza balbu ya pili mfululizo, yaani kwenye njia ileile ya mkondo, na kitakachotokea tukiiunganisha sambamba, yaani kwenye njia yake yenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kubaki bila jibu, hata kama ni la kubahatisha, kwa kuwa mwanafunzi aliyeandika jibu lake hutazama skrini kwa jicho tofauti na yule anayesubiri kuambiwa. Hapo ndipo ninapofungua kompyuta. Katika muunganiko mfululizo balbu zote mbili hufifia, na katika muunganiko sambamba zote huwaka kama ilivyokuwa ile moja ya mwanzo, jambo ambalo zaidi ya nusu ya darasa huwa hawakulitegemea.

Siishii hapo. Kipindi kinachofuata tunafanya jaribio hilohilo kwa betri za tochi, balbu ndogo na nyaya zilizotolewa kwenye redio mbovu, na wanafunzi wenye macho makali huona kwamba katika muunganiko sambamba balbu halisi zinafifia kidogo, tofauti na zile za skrini. Swali linalozaliwa hapo ni zuri kuliko yote niliyowahi kuyapanga mwenyewe. Jibu lake ni kwamba betri halisi ina ukinzani ndani yake, yaani kitu kinachopunguza mkondo, na lile jaribio la skrini lina sehemu ya marekebisho inayokuruhusu kuongeza ukinzani huo hadi picha ifanane na hali halisi ya mezani. Vilevile, ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, skrini huonesha betri ikiwaka moto, na mwanafunzi anaelewa hatari ya shoti bila mtu kuungua. Lakini mikono isiachwe nyuma, maana mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne haufanyiki kwa kubonyeza kipanya.

Kwa hisabati, GeoGebra inafaa kwa michoro ya milinganyo, jiometri na takwimu. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na inaweza kusakinishwa kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti. Andika mlinganyo wa mstari ukiwa na herufi badala ya namba, ruhusu programu itengeneze vitelezi vya herufi hizo, kisha mwite mwanafunzi mmoja asogeze kitelezi cha mteremko huku wenzake wakieleza wanachokiona. Dakika tano zinatosha.

Mwanga, mvua na zamu

Madarasa yetu yana madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na picha ya projekta hufifia mwanga wa saa nne asubuhi unapopiga ukutani. Chagua ukuta ambao haupigwi na mwanga moja kwa moja, ziba madirisha yaliyo karibu nao kwa kanga mbili au tatu nzito, na kama ukuta umechakaa tundika shuka jeupe. Kama unaweza kuchagua kipindi, chagua cha asubuhi mapema, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo huku kwetu mlimani wingu hufunika jua hadi karibu saa tano. Sauti nayo ina adui wake, yaani mvua juu ya bati. Hata spika kubwa haishindani nayo, kwa hiyo wakati wa masika ninachagua vitu vinavyoeleweka kwa kutazama, na maelezo ninayaandika ubaoni.

Kukosa projekta si sababu ya kuahirisha. Kwa darasa la wanafunzi 60 na vipindi viwili vilivyounganishwa vya dakika 80, ninawagawa katika makundi sita ya watu kumi. Kundi moja linakaa mbele ya kompyuta kwa dakika 12 na karatasi ya maswali manne wanayopaswa kuyajibu kwa kujaribu wenyewe, huku makundi mengine yakifanya mazoezi ya kitabu cha kiada. Zamu zote zinachukua dakika 72, na zinabaki dakika nane za kuanzia. Katika kila kundi mmoja tu ndiye anayeshika kipanya, na ninahakikisha kwamba si yule anayejua kompyuta kuliko wenzake, kwa sababu akikishika yeye wengine hubaki watazamaji. Wasichana mara nyingi husukumwa nyuma ya kundi, kwa hiyo ninapanga mshika kipanya kwa orodha, na siwaachii wachague wenyewe.

Betri ya kompyuta ijae usiku uliotangulia. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, projekta itazimika lakini kompyuta itaendelea, na unaweza kuhamia kwenye utaratibu wa makundi bila kupoteza somo. Andalio la somo langu huwa na mistari miwili inayoeleza nitafanya nini umeme ukikatika, na nimeshaitumia zaidi ya ninavyoweza kuhesabu.

Kujua nani ameelewa katika darasa la watu 60

Tatizo kubwa la darasa lenye wanafunzi wengi ni kwamba mwalimu akiuliza swali mikono kumi ileile hunyooshwa, na wengine 50 wanatikisa kichwa kukubali. Zipo programu nyingi za maswali ya haraka ambazo zinahitaji kila mwanafunzi awe na simu, na hizo kwetu hazina nafasi kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuleta simu shuleni. Plickers ni tofauti. Inahitaji simu moja tu ya mwalimu. Wanafunzi wanashika karatasi.

Kila karatasi ina umbo jeusi la miraba ambalo halifanani na la karatasi nyingine, na pande zake nne zimeandikwa A, B, C na D kwa herufi ndogo sana ili jirani asiweze kuiga. Mwanafunzi akitaka kujibu B, anaigeuza karatasi hadi upande wa B uwe juu, kisha anainyanyua kifuani. Mwalimu anapitisha kamera ya simu polepole kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine, na programu inasoma karatasi zote na kuonesha nani amejibu nini. Kwa chini ya dakika moja unajua kwamba, kwa mfano, wanafunzi 40 kati ya 60 wamechagua jibu lenye kosa lilelile, na hapohapo unajua cha kurudia.

Maandalizi yake ni ya mara moja. Jisajili kwenye plickers.com, tengeneza darasa, na umpe kila mwanafunzi namba ya karatasi. Ni rahisi zaidi ukitumia mpangilio wa namba uliomo kwenye kitabu cha mahudhurio. Pakua faili ya karatasi. Seti ya kawaida ina karatasi 40, lakini ipo seti kubwa yenye 63, na hiyo ndiyo inayotufaa. Ichapishe steshenari, zibandike kwenye makaratasi magumu ya maboksi ili zisikunjike, na usizifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa kuwa mwanga ukiakisi juu yake kamera hushindwa kusoma. Gharama pekee ni hiyo ya kuchapa. Kama darasa lina wanafunzi zaidi ya 63, wale wa ziada washirikiane karatasi moja wawili wawili kwa zamu. Na kwa kweli nimegundua kwamba wawili wanaolazimika kukubaliana jibu moja hujadiliana vizuri kuliko ninavyoweza kuwaamuru wajadiliane.

Maswali yenyewe yaandikwe ubaoni, kwa hiyo hakuna haja ya projekta. Simu ya mwalimu inapaswa kuwa hewani, lakini data inayotumika ni ndogo ukilinganisha na video. Tumia muda wako kwenye kuandika majibu yasiyo sahihi. Kila jibu baya liwe ni kosa ambalo umeliona kwenye madaftari yao: aliyesahau kubadilisha gramu kuwa kilogramu, aliyejumlisha badala ya kugawanya, aliyechanganya uzito na tungamo. Ukifanya hivyo, herufi ambayo mwanafunzi ameinyanyua itakueleza mahali alipopotelea.

Kolibri na Kiwix: maktaba ndani ya kompyuta moja

Shule ikishakuwa na vishikwambi au kompyuta kadhaa, hata tano tu, inafaa kusakinisha Kolibri. Hii ni programu ya shirika lisilo la kibiashara la Learning Equality la Marekani, iliyotoka mwaka 2017, na imeundwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Kompyuta moja inabeba video, mazoezi na vitabu, na vifaa vingine vinavisoma kupitia waifai ya ndani bila kutumia bando. Masomo ya Khan Academy, tovuti ya masomo yasiyolipiwa, na majaribio ya PhET yamo miongoni mwa maudhui yake.

Ipakue kutoka learningequality.org na uisakinishe. Inapouliza, tengeneza jina la shule na nywila ya msimamizi, na uandike nywila hiyo mahali ambapo mwalimu wa taaluma pia anaweza kuipata, kwa kuwa mwalimu akihama na nywila yake shule huanza upya. Halafu ingiza maudhui. Hapa subira inahitajika, kwa sababu mkusanyiko mzima wa somo moja unaweza kuwa mkubwa kuliko nafasi ya kompyuta yako. Fungua orodha ya mada na uweke alama kwenye zile tu zilizomo katika muhtasari wa somo. Baada ya hapo unganisha kompyuta na ruta ya kawaida. Ruta haihitaji kuwa na intaneti, kwani kazi yake ni kuviunganisha vifaa tu. Kwenye ukurasa wa taarifa za kifaa, Kolibri itakuonesha anwani yenye namba inayoishia na 8080. Wanafunzi waiandike anwani hiyo kwenye vivinjari vyao. Kompyuta ikikuuliza kama iiruhusu Kolibri kutumia mtandao, kubali, la sivyo vifaa vingine havitaiona. Mwalimu anaweza kutengeneza darasa, kupanga somo, kutoa jaribio na kuona ni nani amekwama kwenye swali lipi, na taarifa zote hizo hubaki ndani ya kompyuta ya shule.

Kiwix ni nyepesi zaidi. Ni programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kwenye simu au kompyuta, na Wikipedia ya Kiswahili, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003, inapatikana humo kama faili moja. Chagua toleo lisilo na picha kama nafasi ni ndogo. Angalizo moja litakalokuokoa safari ya kurudi mjini: flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4, kwa hiyo kabla ya kunakili mafaili makubwa hamisha vilivyomo, kisha uipange upya flashi kwa mfumo wa exFAT.

Kwa walimu wa shule za msingi na masomo mengine

Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo, na inafaa sana pale ambapo kitabu kimoja kinagombaniwa na wanafunzi wengi au mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 imemkuta mwalimu hana nakala mpya. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani utapata fomati za mitihani, ambazo kila mwalimu anayetunga jaribio la muhula anapaswa kuzisoma.

Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili namwelekeza African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa na hata kurekebisha hadithi, hivyo unaweza kubadilisha majina ya watu na mahali yawe ya kijijini kwenu. Chapa hadithi moja kwa kila wiki, ikunje iwe kijitabu, mtoto akaisome nyumbani kwa bibi yake. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, hufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili cha watoto.

Mwalimu wa jiografia atumie Google Earth. Mpeleke mwanafunzi kwa skrini hadi juu ya Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, mita 5,895, kisha kilele cha Mawenzi, kisha ashuke hadi shuleni kwake, na somo la mistari ya kontua, ile ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, litakuwa na mahali pa kukaa. Yeye ameutazama mlima huo tangu utoto lakini hajawahi kuuona kutoka juu. Programu hii huhitaji intaneti, hivyo piga picha za skrini ukiwa mjini na uzipange kwa mfuatano.

Akili mnemba na majina ya watoto

Walimu wengi sasa wanatumia programu za akili mnemba kutunga maswali na maandalio ya masomo, nami ninazitumia. Zinasaidia kupata rasimu ya maswali 20 kwa dakika chache. Hata hivyo, lazima kila swali lifanyiwe hesabu na mwalimu mwenyewe kabla halijafika darasani, kwa sababu programu hizi hukosea kwa lugha ya kujiamini. Niliwahi kupewa swali la msongamano ambalo jibu sahihi halikuwepo kati ya machaguo yote manne. Kama nisingelikokotoa, ningewapotezea muda wanafunzi 64. Kiswahili chake nacho kisomwe kwa sauti kabla ya kukubaliwa. Kwa kuandika andalio, mimi napendelea kibodi ya Gboard inayopokea sauti ya Kiswahili: unaongea, inaandika, unasahihisha.

Kamwe usiingize kwenye programu yoyote ya mtandaoni majina kamili ya wanafunzi, alama zao, picha zao au habari za familia zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa tunazozikusanya shuleni, na mtoto hawezi kujitetea dhidi ya kitu alichowekewa mtandaoni na mtu mzima anayemwamini. Kwenye Plickers ninaandika namba tu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi situmi matokeo ya mtoto mbele ya wazazi wengine. Ninamwandikia kila mzazi peke yake, na kwa wale wenye simu za kitochi ninatuma ujumbe mfupi wa kawaida.

Kugawana na shule jirani

Ukishakuwa na mafaili yanayofanya kazi, mwalimu wa shule iliyo bonde la pili hana haja ya kulipia bando kwa ajili ya mafaili hayohayo. Vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, ni mahali pazuri pa kugawana: kila mmoja aje na flashi yake. Leseni za PhET, African Storybook na Wikipedia zinaruhusu kunakili na kugawa, mradi chanzo kitajwe. Maudhui ya Kolibri nayo yanaweza kuhamishwa kwa flashi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Programu yenyewe itatengeneza folda iitwayo KOLIBRI_DATA, na folda hiyo isibadilishwe jina wala kuwekwa ndani ya folda nyingine, la sivyo kompyuta ya pili haitaitambua.

Ndani ya flashi ya kwetu tumeweka pia faili fupi la maandishi kwa kila mada. Mwalimu aliyeitumia anaandika tarehe, kidato, swali alilowauliza wanafunzi kabla ya kufungua skrini, na mahali walipokwama. Flashi hiyo hupita kwenye shule nne, na kabla sijaandaa mada yoyote sasa ninasoma kwanza walichoandika wenzangu.